Kupe wa Mwaka wa Tisa

Sikitu alimsimamisha ng'ombe wake wa mwisho kwenye mlango wa josho la kuogeshea mifugo, akakataa kumwingiza.

"Mama, unazuia foleni!" bwana mifugo alifoka. "Dawa ipo."

"Ipo ya kuonja! Mwaka wa tisa huu mnatia nusu kipimo. Nusu inaua kupe wanyonge tu. Wagumu wanabaki, wanazaa wagumu wenzao. Ndigana, homa hii ya kupe, imenimalizia zizi, nanyi mnasema ni uzembe wangu."

"Kumbe kupe nao wanasoma siku hizi?" bwana mifugo akadhihaki. Watu wakacheka.

Sikitu hakucheka. Alichomoa kupe mmoja nyuma ya sikio la ng'ombe. "Mtie huyu kwenye dawa isiyo na tone la maji. Akifa, namwingiza ng'ombe na nakuomba radhi mbele ya wote hawa."

Bwana mifugo alijaza kifuniko cha dumu dawa nzito, akamtumbukiza kupe huku akitabasamu. Watu wakainama kutazama. Kupe alizama, akatulia kimya.

"Si huyo amekufa?" mmoja akauliza.

Kisha mguu mwembamba ukashika ukingo wa kifuniko, ukafuatwa na wa pili. Nyuma ya watu, ng'ombe arobaini wa foleni walikuwa wakisukumana kuingia kwenye maji ya josho.