Kiota Namba Saba

Télesphore alimfukuza mbwa wa tano asubuhi ile, kisha akamgeukia mwenye mbwa na kumfokea kwamba hapa si choo, hapa ni kiota cha kobe. Mwenye mbwa akatazama kile kizimba cha waya juu ya kiraka cha udongo, hakuona kitu, akaenda zake.

Bonde la mto Don, huko ughaibuni, chini ya maghorofa ya Thorncliffe Park, lina wenyeji wake: kobe, ndege, maua ya msituni. Na lina Télesphore, na ile fulana yake ya njano ya wanaojitolea kulinda viota, ambayo aliivaa hata kwenda kununua maziwa. Mwezi Juni alikuta udongo umechimbuliwa upya kando ya njia. Wenzake hufukua kidogo kwanza, wahakikishe mayai yapo. Yeye? Jicho lake linatosha, alisema. Akapigilia kizimba, akakipa namba saba, kichwa kikaanza kuvimba.

Bi Wajiha, msimamizi wa wanaojitolea, alikuwa anatafuta kiongozi wa bonde zima. Kobe wakitoka salama, nani mwingine angepewa? Télesphore alishaanza kuwapangia wenzake zamu bila kuombwa.

Nyumbani, dharau yote ilimshukia mama mkwe. Libérata alikuja kutoka Bujumbura mwezi Mei kumsaidia binti yake kumlea Keza, aliyekuwa amezaliwa wiki hiyohiyo. Siku chache baadaye alimwendea mkwewe kwa adabu, akaomba waketi wazungumze jambo moja la mila kuhusu mtoto. Hakuachwa amalize. Aliambiwa mambo ya kijijini ayaache kijijini, huku watu wanafuata sayansi.

Tangu Juni, kila alasiri, alimbeba Keza mgongoni, akashuka bondeni, akasimama kando ya kizimba na kumnong'oneza mtoto. Télesphore akawatangazia wenzake kwamba bibi hatimaye ameanza kuelimika. Siku moja bibi alijaribu tena: "Baba Keza, hicho kiota chako..." Akakatizwa, akaelezwa nusu saa nzima jinsi kobe anavyotaga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Agosti ikapita, kimya. Septemba ikayoyoma, hakuna hata kobe mmoja. Utaratibu wao ni kwamba kiota kilichopitisha siku mia hufukuliwa, mayai yahesabiwe. Mtu mwingine angekifukua kimyakimya. Huyu alikusanya watu ishirini, akamwita Bi Wajiha, akawahutubia kuhusu subira. Libérata alisimama nyuma kabisa, Keza mgongoni.

Akachimba kwa vidole, polepole, kama walivyofundishwa. Kina cha kiganja hivi, akagusa kitu laini. Akatabasamu, akakitoa mbele ya wote.

Kilikuwa kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. Alipolifungua akakuta bangili ya plastiki ya hospitali yenye jina la Keza, na kitu kidogo, kikavu, cheusi, bado kimebanwa na kibanio cha mkunga.

Watu walitazamana. Libérata akapita katikati yao, akainama karibu na mkwewe.

"Kifukie, Baba Keza," alisema. "Kitovu hakianikwi juani. Umekilinda vizuri."