Motoneige ya Hervé

Maman Viviane aliingiza mkono ndani ya tumbo la pikipiki ya theluji, akautoa na kiota cha panya. Kilikuwa kimefumwa kwa nyuzi nyekundu. Alizitambua papo hapo: skafu yake ya kanisani, iliyopotea tangu Pasaka.

"Angalia muzuri," alisema, akimsogezea Hervé kile kiota mpaka puani. "Njo mali yako hii?"

"Mais maman, panya haiko yangu."

"Motoneige ni ya nani? Alors, na panya ni yako."

Hervé alikitupa kiota ndooni. Tangu asubuhi alikuwa akitukanwa ana kwa ana, macho kwa macho, katika gereji hii ya mtaa wa Evere. Yeye alipanga chumba ghorofa ya nne kule Etterbeek, na pikipiki ya theluji haipandi ngazi. Emmanuella, mchumba wake, ndiye aliyemsihi mama yake, Maman Viviane, aihifadhi humu tangu theluji ya msimu uliopita ilipokwisha. Sasa Novemba ilikuwa imefika. Donat, rafiki wa Hervé, alikuwa njiani na trela, aipeleke Uswidi, ambako Hervé aliongoza watalii kila majira ya baridi. Safari hii Emmanuella angekwenda naye.

Kama mama angekubali. Wazazi wa Hervé walitaka kuja Jumapili kujitambulisha, na Maman Viviane alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alichosema ni kwamba mwanamume anayenunua chombo cha theluji huku akiishi katika nchi ya mvua ana kasoro kichwani.

Mama huyo alikuwa na diploma ya ufundi aliyoipata kwao Likasi, na mdomo aliozaliwa nao. Hervé alimwaga petroli iliyochacha. Akaambiwa ananukisha nyumba. Akabadilisha plagi, akaambiwa anakaza kama mtu anayefunga chupa ya maziwa. Akapaka grisi kwenye vyuma vya ski.

"Iko grisi, haiko mayonnaise ya frites! Punguza!"

Kisha mama akamsukumia sahani ya mikate ya kukaanga, wakala pamoja, bega kwa bega, juu ya sanduku la vyombo.

"Kula. Ukianguka humu, watasema ni mimi nilikuua."

Hervé alikula kwa hasira. Emmanuella alikuwa amemwonya asijibu neno, na zaidi ya yote asimtaje marehemu baba. Baba yule alikufa kwenye barabara ya Likasi, juu ya pikipiki ya kukodi. Mwenye pikipiki alikuwa amemwambia breki, hata kama imelegea, itafika.

Honi ikalia nje. Donat.

"Haraka!" Maman Viviane alipiga makofi. "Amesimama mbele ya mulango ya jirani, sasa ule jirani ataita polisi."

Hervé alibana mkono wa breki mara ya mwisho. Ulizama mpaka ukagusa usukani, laini kama ndizi mbivu. Akafungua kifuniko cha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama kahawa. Akasimama wima.

"Nini tena?"

"Breki, maman."

"Itafika," alisema Maman Viviane. "Pakia. Nimechoka na hii kintu mu garage yangu, nataka fasi ya kuweka frigo."

Emmanuella, aliyekuwa mlangoni, aliposikia neno hilo aligeuka kumtazama mama yake.

"Haipakiwi," alisema Hervé.

"Petit, nasema pakia! Donat anangoja."

"Aende na remorque yake tupu."

"Nyumba ni ya nani hapa? Yako ao yangu?"

Hervé aliibwaga spana chini ikaruka mpaka ukutani.

"Yako! Na mimi nasema hapana, maman! Hapana! Piga kelele mpaka watu ya Laeken wakusikie. Mutoto yako njo atakaa nyuma yangu, juu ya ziwa ya barafu. Simupandishe kwa breki ya kubahatisha juu weye upate fasi ya kuweka frigo! Saison ya theluji ikinipita, inipite!"

Honi ilinyamaza. Jirani alifungua dirisha. Hakuna mtu aliyewahi kumfokea Maman Viviane, sembuse ndani ya gereji yake.

Alijifuta mikono taratibu, kidole baada ya kidole. Akafungua kitenge kiunoni, akajifunika kichwa, akakivuta mpaka kikaficha uso. Kisha akampa Hervé mgongo.

"Ema," aliuambia ukuta. "Ambia ule muntu atoke. Siwezi tena kubaki naye fasi moja."

"Na mikate, maman?" aliuliza Emmanuella.

"Achukue sahani yote. Sikule naye tena."

Hervé alijilazimisha kumsogelea, akanyoosha mkono.

"Maman, pardon. Nilikosa adabu."

Maman Viviane aliruka nyuma kana kwamba ameonyeshwa kaa la moto. Akapita akijibana ukutani, mbali naye kadiri gereji ilivyoruhusu, akaingia jikoni bila kumtupia jicho.

"Bon!" Hervé aliipiga ndoo teke. "Imekwisha! Namupigia papa simu sasa hivi, Jumapili hakuna kuya. Sisi hatuko mbwa!"

Emmanuella alimpokonya simu. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mupigie, ndiyo. Mwambie avae costume ya muzuri."

"Kisha hii yote? Hataki hata kuona sura yangu!"

"Hervé, weye ulizaliwa huku, haujue kintu. Kwetu Likasi, mama anaficha uso mbele ya mwanaume mumoja tu: bwana ya binti yake."