Cc Mia Sita za Bibi

Namsifu alipata leseni mwezi uliopita, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Nimemwambia gari la kwanza ni injini ndogo, cc elfu moja zinamtosha kabisa. Yeye anataka elfu moja mia sita, eti ndogo haipandi mlima wa Usangi ikiwa na abiria.

“Abiria gani? Hata kurudi nyuma hujui!”

“Lakini Mama, si kuna zile za Bibi?”

Hapo ndipo ananichosha. Kila nyumba imepangiwa na serikali cc elfu tatu mia sita za magari, wagawane wenyewe. Mimi na baba yake tuna elfu mbili, yeye elfu moja, na mia sita ni za mama mkwe wangu, ambaye hajashika usukani miaka kumi sasa. Sheria hairuhusu kuchukua za mtu aliye hai, hata akiridhia.

“Basi jaza fomu ya elfu moja,” nikamwambia.

“Nitasubiri.”

“Unasubiri nini?”

Mtoto huyu nilikuwa namfokea kila siku amsalimie bibi yake. Siku hizi anaamka wa kwanza kwenda kumgongea mlango.

“Shikamoo Bibi, umeamkaje?”

Leo jibu lilichelewa. Kule jikoni nikajikuta nimeacha kukoroga uji, nimetega sikio.

“Marahaba. Nipo,” Bibi akajibu hatimaye. “Na mama yako mwambie aendelee kukoroga. Uji unaungua.”