Jua Halisagi

Bi Rukia aliuza ng'ombe wake wawili, akanunua mashine ya kusaga inayokula jua kupitia paneli za paani. Asubuhi nzima hakuja mtu. Mji ule ulizoea mashine zinazonguruma, na hii ilivuma kama nyuki tu, kwa hiyo waliopita walidhani imelala. Wakaendelea hadi kwa Mzee Kibwana, mwenye injini ya dizeli, aliyekwisha kutangaza sokoni: "Jua linaanika mahindi. Halisagi!"

Rukia alimimina mahindi yake mwenyewe, akasaga.

Saa saba dizeli ya mzee ikaisha. Ngurumo ikakatika, na katika kimya kile watu wakausikia ule mvumo mwembamba. Wakajitwika ndoo zao, wakaufuata.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Kibwana, na debe begani. Akapiga ukelele, kama alivyozoea kushindana na injini yake: "BI RUKIA! KWELI INASAGA?"

Foleni nzima ikageuka.

"Nakusikia, mzee wangu," Rukia akasema taratibu, akimtua debe. "Hebu kinga mikono."

Akamjazia unga uliotoka mashineni sasa hivi. Mzee akaufumbata, ungali wa moto, akainua uso kutazama paa, na jua likamjaa machoni.