Mstari wa Shemeji

"Ukiuona tu mstari, sema," shefu wa wapaka mistari ya barabara alimwambia Hamdani. "Mimi napima unaonekana kutoka umbali gani, kwa macho ya dereva."

Hamdani aliendesha polepole. Mvua ya asubuhi ilikuwa ikimwagika kwenye barabara ya Kanombe, na ukungu ulikuwa umemeza kila kitu. Waipa ya upande wa shefu ilikufa zamani. Kiooni kwake palikuwa na maji tu.

Mstari alioupaka Hamdani mwenyewe, kule Remera, ulikuwa umeonekana gari likiwa karibu kuukanyaga. Sasa ilikuwa zamu ya kipande alichopaka shemeji yake, kaka wa mkewe, anayesifiwa nyumbani kila chakula kinapotengwa: ana mkono, ana akili, rangi ikiwa mbichi huinyunyizia chenga za kioo.

Mara ukatokea. Ulikuwa mbali bado, mweupe, ukimeremeta kwenye taa za gari kama meno ya shemeji anapocheka.

 Roho ilimuuma Hamdani.

"Bado?" shefu aliuliza.

"Bado, shefu. Ukungu mtupu."

Gari likaufikia mstari. Ukapinda kushoto pamoja na barabara, na mikono ya Hamdani, yenye rangi iliyokauka kwenye kucha, ikazungusha usukani taratibu, vizuri kabisa, kona yote mpaka mwisho.

"Na sasa?"

"Bado kabisa."

Shefu hakuwa akitazama mbele. Alikuwa akiitazama ile mikono.

"Hamdani," alisema, "hiyo kona umeikata ukifuata nini?"