Mishale ya Matairi

Chuma cha kufungia tairi kilimponyoka Abdulaziz kwa mara ya tatu, na safari hii kikamgonga ugoko. Akaruka kwa mguu mmoja kuzunguka Land Cruiser, kando ya nyumba yake Misugusugu, Kibaha, akilitukana tairi kama vile limemkosea adabu.

Alikuwa ametazama video ya kufunga matairi mara mbili, akaona inatosha. Fundi hakutaka kumwita.

"Fundi pancha ni mtu aliyeshindwa maisha," alisema. "Nimpe gari langu alipake grisi?"

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake, marehemu Mfaume, ambaye alikuwa fundi pancha. Baada ya arobaini Abdulaziz alikwenda Kisarawe akalichukua kwa mjane, Mboni, akasema analitunza. Akamchukua na Tunu, binti wa marehemu, akasema atamsomesha. Tunu akawa anafua na kupika. Mboni, aliyezoea kupeleka mihogo sokoni kwa gari lile, akawa anaibeba kichwani. Na sasa gari lilikuwa linauzwa. Mnunuzi angekuja Ijumaa, ila alitaka alikute na matairi ya kupitia matope.

Tunu alikuwa amesimama na beseni la maji ya sabuni.

"Baba mdogo," alisema, macho chini, "tairi hupakwa sabuni kwanza ukingoni. Baba alikuwa..."

"Baba yako alizikwa na kucha nyeusi! Haya, profesa wa darasa la tano, fanya wewe tucheke."

Tunu alipiga magoti. Alipaka sabuni, akaukandamiza ukingo wa tairi kwa goti, akaingiza chuma, akasogea kidogo, akaingiza tena. Tairi likaingia kwenye rimu. Kabla ya adhuhuri yote manne yalikuwa yamejazwa upepo na kufungwa. Hakuna aliyecheka, kwa hiyo ikambidi Abdulaziz atafute neno jingine.

"Mishale umeiweka sawa?"

Kashata za matairi yale, yale meno yanayokanyaga ardhi, zilichongwa kama mishale mikubwa, mmoja nyuma ya mwingine.

"Ndiyo, baba mdogo. Ukitazama juu ya tairi, yote inaelekea mbele."

"Sasa sikiliza, maana shuleni hukufika huko. Gari lenye matairi haya haliibiwi. Likipita kwenye tope linaacha mishale, na mishale inakuonyesha limeelekea wapi. Mimi nitalifuata mpaka chumbani kwa mwizi. Hayo ni maandishi ambayo hata wewe unaweza kuyasoma."

Akaingia garini, akalitoa pale kwenye tope la maji ya sabuni, akaenda kuliegesha mbele ya nyumba, kwenye kifusi kigumu. Akashuka akijipongeza.

Tunu aliinamia alama zilizobaki kwenye tope. Akazitazama, akalitazama gari kule lilikosimama, akazitazama tena. Kisha akazifuta zote kwa kandambili.

"Unafanya nini?"

"Nasawazisha uwanja, baba mdogo."

"Naam. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Ufunguo Abdulaziz aliutundika kwenye msumari barazani. Jirani yake, Bertha, alimwambia ni vizuri auweke ndani. Abdulaziz alicheka mpaka akakohoa.

"Nani ataliendesha? Huyu? Bodaboda tu akipanda anafumba macho!"

Hakuwahi kuuliza marehemu kaka yake alikuwa akimfundisha nini binti yake, jioni, kwenye njia za mashambani kule Kisarawe.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Abdulaziz alikwenda Tumbi kumpokea mnunuzi, mfanyabiashara wa Dar aliyeitwa Lusajo, mwenye viatu vyeupe. Waliporudi, kwenye kifusi palikuwa patupu. Msumari ulikuwa mtupu. Tunu naye hakuwepo.

"Nimesikia linawaka, nikajua ni wewe," alisema Bertha kutoka ng'ambo ya michongoma. "Sasa binti ataenda wapi, jamani, kama si kwa mama yake?"

"Bertha, wewe anika nguo zako. Mambo ya magari waachie wenye akili."

Upande wa kushoto wa nyumba, baada ya kifusi, ilianza lami. Upande wa kulia ilianza njia ya udongo, inayoteremka bondeni na kwenda mpaka Kisarawe. Abdulaziz alikimbilia kulia. Alama zilikuwa pale, mbichi, zimekatwa vizuri kwenye udongo mwekundu. Mishale yote ilitoka bondeni, ikaelekea kwenye lami.

"Si nilisema!" Akapiga makofi. "Kalipitisha nyasini nyuma ya nyumba, akazungukia bondeni, kisha akapandisha kuingia lami. Alitaka tudhani yuko Kisarawe, mjinga yule. Kwenye lami hatafika mbali!"

"Una hakika?" aliuliza Lusajo kutoka garini mwake. Hakutaka kuchafua viatu.

"Bwana, mishale hiyo hapo! Mtoto wa chekechea anaisoma!"

Wakaondoka kwa kasi, Abdulaziz ametoa kichwa dirishani, akiwauliza watu wa barabarani kama wameona gari linaloendeshwa na mpumbavu.

Mboni alikuwa ameshafunga mzigo wa mihogo aliposikia muungurumo anaoujua. Alitoka nje akiwa na kata yake kichwani. Tunu alizima gari, akashuka, akamwamkia.

"Marahaba mwanangu," alisema Mboni, akiitazama njia kwa hofu. "Hatakuja huku?"

Tunu aligeuka kutazama alikotokea. Kwenye tope la uwanja wa mama yake, mpaka barabarani, mishale ambayo juu ya tairi ilitazama mbele, chini ilikuwa imegeuka yote, inaelekea Kibaha.