Tulia, Uonekane

Mahakamani shahidi ni mmoja tu: picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa huku jicho la kamera likiwa wazi nusu saa nzima. Kilichotulia huonekana. Kilichosogea, kisheria, hakikuwepo. Ndiyo maana wanaume wa pwani ile walijifunza kuwapiga wake zao huku wakitembea.

Alasiri hiyo Mwanatumu, mpiga picha, alimsimamisha mdogo wake Mishi juu ya mwamba ufukweni, michubuko ya shingoni ikiielekea kamera.

"Tulia, uonekane," alimwambia, akaifungua.

Mara Ndaro, mume wa Mishi, akatokea na kasia. Pigo la kwanza lilimvunja Mishi taya. La pili likampasua kichwa, damu ikachuruzika mwambani. Mwanatumu alimrukia Ndaro akipiga mayowe, akatupwa chini kama gunia. Akatambaa hadi kwa mdogo wake, aliyekwisha kukata roho, akampakata.

Ndaro akawa anawazunguka, hasimami hata kidogo.

"Pole, shemeji," alisema akihema. "Mkumbatie vizuri. Tulia naye."

Naye akatulia. Uchungu ulimgandisha palepale mpaka kamera ikajifunga yenyewe.

Hakimu aliiinua picha. Bahari ilikuwa nyeupe kama maziwa, mwamba mweusi tii, na juu yake wanawake wawili: mmoja kichwa kimepasuka, mwingine amemshika, mikono imelowa weusi.

"Mama," hakimu alimuuliza Mwanatumu kizimbani, kwa upole, "kuna mtu mwingine hapa?"

Kwenye benchi la nyuma Ndaro alikuwa ameketi, ametulia tuli.